Fainali ya briji ikikaza: namna ya kucheza bodi 16 za mwisho

Mwaka 2003, huko Monte Carlo, fainali ya Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia wa timu za briji (mchezo wa karata wa jozi dhidi ya jozi), iliisha Marekani 303, Italia 302. IMP moja tu, yaani pointi moja ya mechi: karata zilezile huchezwa vyumba viwili, na tofauti ya alama kati ya vyumba hugeuzwa kuwa IMP. Wakongwe wanaowania Kombe la d'Orsi, ubingwa wa dunia wa timu za umri wao, hupigiwa hesabu hiyohiyo.

Nahodha aanze na mapumziko. Timu ya watu 6 ina jozi tatu, na mbili ndizo zinazokaa mezani, moja kila chumba. Fainali ya bodi 96 (bodi ni mgawo mmoja wa karata) ikigawanywa vipindi 6 vya bodi 16, kila jozi hupata vipindi 4. Weka jozi iliyopumzika kwenye kipindi cha mwisho, maana aliyechoka hupoteza hesabu ya karata zilizokwisha kutoka.

Kwenye mnada, ambapo jozi hushindana kuahidi idadi ya mizunguko zitakayoshinda (ahadi ya mwisho ndiyo mkataba), jua bei ya kila uamuzi. Chukua 4 za kopa (ahadi ya mizunguko 10, kopa ikiwa turufu) mkiwa hatarini, hali ya bodi inayokuza zawadi na adhabu, huku chumba cha pili wapinzani wamebaki na 2 za kopa. Mkipata mizunguko 10, nyinyi 620, wao 170: tofauti ya 450 ni IMP 10. Mkikosa mmoja, nyinyi hasi 100, wao 140: mnapoteza 240, yaani IMP 6. Kwa hiyo nafasi ya 38% tayari inatosha kupanda hadi 4. Msipokuwa hatarini, mnapata 6 au mnapoteza 5. Hapo subirini karibu 46%. Hesabu hizi hazibadiliki eti kwa sababu mechi imekaza. Kinachoangusha timu nyingi ni woga wa kunadi wakati huo.

Mzunguko wa ziada unavutia kwa sababu 30 ni IMP 1, na IMP 1 inaweza kuwa kombe. Lakini kuhatarisha 4 za kopa kwa ajili yake, mkiwa hatarini na chumba cha pili wamezitimiza, kunaweza kuwagharimu IMP 12 (620 na 100, jumla 720). Linda mkataba kwanza. Ziada ichukuliwe pale tu isipoweza kuuvunja.

Dabo, yaani kuongeza dau la mkataba wa wapinzani, nayo ni hatari kubwa kwenye mkataba mdogo. Wapinzani, wasio hatarini, wako kwenye 2 za shupaza, na mkataba ni huohuo chumba cha pili, bila dabo. Ukidabo wakakosa mmoja, unapata IMP 2. Wakitimiza, wanachukua 470 badala ya 110: IMP 8 zimekwenda. Dabo ukiona mizunguko miwili ya kuwakosesha, siyo mmoja wa kubahatisha.

Kipindi kikiisha, linganisheni karatasi bodi kwa bodi, mtu mmoja akisoma namba kwa sauti. Hakikisheni alama ya hasi na nani alikuwa hatarini; makosa mengi hukaa hapo. Mkiona tofauti na matokeo rasmi, mwiteni mwamuzi mara moja, kwa kuwa muda wa kusahihisha una kikomo.