Ukipewa Amri Isiyo Halali: Mwongozo kwa Askari wa Lamu

Askari polisi kijana anayepangiwa kazi Lamu, awe Mokowe, Mpeketoni au Witu, hufunzwa utiifu kabla ya jambo jingine lolote, na ni haki afunzwe. Lakini utiifu huo sheria imeufunga kwenye amri halali peke yake. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya Kenya ya mwaka 2011 linatamka wazi kuwa kufuata amri ya mkubwa si udhuru wa kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Kwanza ipime amri yenyewe. Kuamriwa kukagua vyombo gatini usiku kucha kwaweza kukuudhi na bado kukawa halali. Jiulize kama kitendo hicho kingekuwa kosa lau ungekifanya kwa hiari yako, na kama ipo sheria inayokiruhusu. Mkubwa akikwambia umpige kijana aliyeteremshwa mashuani "mpaka aseme", hapo hapana la kupima, kwani Kifungu cha 25 cha Katiba kimekataza mateso bila kuacha mwanya wowote.

Amri ikiwa na utata, iulize kwa adabu mbele ya wenzako: "Afande, naomba nielewe, wataka nimpige?" Naamini wakubwa wengi hujirudi wakisikia maneno yao yakitamkwa na mwingine. Asipojirudi, kataa waziwazi, kisha andika kwenye kitabu cha OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, saa, mahali, maneno aliyoyasema na majina ya waliokuwapo. Ukizuiwa, yaandike daftarini mwako siku hiyo hiyo na uyafikishe IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi.

Wengi hutii kwa kuogopa uhamisho au kufutwa kazi, na hofu hiyo naielewa, hasa kwa mwenye watoto wanaosoma. Hata hivyo, Kifungu cha 16 cha Kanuni ya Adhabu hukubali kama udhuru tishio tu la kuuawa au kuumizwa vibaya papo hapo, tena likitoka kwa mshiriki wa kosa lenyewe; tishio la madhara ya baadaye halimwokoi mtu. Aliyeamuru naye hushtakiwa kwa Kifungu cha 20 cha Kanuni hiyo, ila kushtakiwa kwake hakukuondolei kosa lako.

Ikiwa umeshatenda, usitie saini maelezo aliyokuandalia mkubwa huyo. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza na ya kuonana na wakili. Tafuta wakili asiyemtetea yeye, kwa sababu maslahi yenu yameshaachana.