Kuhamia Columbus na mtoto mdogo: hakikisha shule kabla ya kusaini mkataba wa nyumba

Wenzetu wanaohamia Columbus, Ohio, huniuliza kwanza mtaa upi una shule nzuri. Hapa Marekani shule ya serikali hufuata anuani unayolala, na Columbus mipaka yake imefumana kuliko miji mingi. Juzi nimempitisha dada mmoja mwenye mtoto wa miaka 5, nikaona niuandike utaratibu wote.

Hatua ya 1: Panga siku yako

Kazi iko wapi, zamu inaanza saa ngapi, na nani atampokea mtoto basi la shule likimshusha? Uliza kama kindagateni (darasa la kabla ya la kwanza) ya wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo unalolitaka, ni ya siku nzima au nusu siku, na kama shule ina malezi ya asubuhi na jioni. Kwa mzazi wa zamu, hilo ni zito kuliko sifa ya shule.

Hatua ya 2: Linganisha wilaya

Fungua ripoti za shule za jimbo la Ohio, zile zinazotoa nyota 1 hadi 5. Zile alama za 1 hadi 10 zinazobandikwa kwenye matangazo ya nyumba mimi sizitumii kabisa. Kwa sehemu kubwa zinatokana na matokeo ya mitihani, na matokeo hayo hufuata sana kipato cha wazazi. Kwa mtoto mdogo angalia vipengele viwili: usomaji wa madarasa ya mwanzo, na maendeleo, yaani watoto wamepiga hatua kiasi gani tangu walipokuwa mwaka uliopita. Wilaya yenye nyota za wastani lakini watoto wake wanasonga mbele, mimi ningempeleka wangu.

Hatua ya 3: Thibitisha anuani yenyewe

Usiikimbize hatua hii.

Mpaka wa jiji la Columbus na mpaka wa Columbus City Schools, wilaya ya shule yenye jina la jiji, ni vitu viwili. Jiji lilipanuka na kuchukua maeneo ya pembezoni, lakini makubaliano ya mwaka 1986 yaliziacha shule za sehemu nyingi kati ya hizo mikononi mwa wilaya jirani. Ndiyo maana mtu anaishi Columbus, analipa kodi ya jiji la Columbus, na mtoto wake anasoma Hilliard, Dublin au South-Western. Kinyume chake kipo pia: barua zinakuja kwa jina la Westerville, kumbe nyumba iko chini ya Columbus City Schools.

Kwa hiyo usiamini msimbo wa posta, wala jina la apatimenti, wala neno la wakala anayekuonyesha nyumba. Wakala huenda hana nia mbaya, ila anasoma tovuti zilezile unazosoma wewe, na nyingi huonyesha shule zilizo karibu. Shule iliyo karibu si lazima iwe ya mtoto wako.

Chukua anuani kamili ya jengo utakalokaa. Apatimenti kubwa huwa na majengo mengi yenye namba na hata barabara tofauti, na anuani iliyo kwenye tangazo mara nyingi ni ya ofisi. Omba namba ya jengo lako.

Ingiza anuani hiyo kwenye tovuti ya Auditor wa Franklin County (ofisi ya kaunti inayotunza kumbukumbu za nyumba na viwanja), sehemu ya kutafuta nyumba, usome mstari wa wilaya ya shule. Angalia lakini: Columbus inaingia pia Delaware County na Fairfield County. Nyumba ikiwa upande wa Polaris, kwa mfano, tafuta kwa Auditor wa Delaware.

Ukishaijua wilaya, nenda kwenye tovuti yake, kwenye kitafutio cha shule kwa anuani. Hapo utapata jina la shule ya msingi.

Kisha piga simu ofisi ya usajili ya wilaya. Uliza anuani hii itakuwa ya shule gani mwaka ujao wa masomo, maana wilaya zinazokua huchora mipaka upya. Uliza darasa la mtoto wako likijaa, wanaozidi hupelekwa wapi. Uliza kama basi linafika hapo. Omba wakujibu kwa baruapepe, uitunze. Mkataba wa nyumba usaini baada ya jibu hilo.

Hatua ya 4: Itembelee

Nenda siku ya masomo, kwa miadi. Uliza mwalimu wa wanaojifunza Kiingereza yuko hapo kila siku au anapita tu.

Hatua ya 5: Sajili

Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako, mkataba wa nyumba au bili, na kadi ya kliniki yenye chanjo zote. Chanjo ya tetekuwanga haimo katika ratiba ya kawaida ya nyumbani, kwa hiyo tegemea kuikamilisha huku.

Hali yako ya uhamiaji haiwezi kumzuia mtoto kusoma. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe. Na kama mmejibana kwa ndugu kwa sababu hamna uwezo wa kupanga, taja McKinney-Vento. Sheria hiyo inaitaka shule impokee mtoto mara moja hata kabla karatasi za makazi hazijapatikana. Kila wilaya ina mtu wa kusimamia jambo hilo, muulizie.

Kwenye fomu ya lugha ya nyumbani andika Kiswahili. Wazazi wengine huandika Kiingereza wakiogopa mtoto atarudishwa nyuma. Ukiandika ukweli, mtoto atapimwa, na akihitaji msaada ataupata bila malipo. Usiporidhika, una haki ya kuukataa msaada huo kwa maandishi, naye atabaki darasani na wenzake.