Homa ya papasi: namna ya kuitafuta kwenye slaidi MRDT inapotoka hasi

Mgonjwa ana joto la 39.5, kichwa kinapasuka, viungo vyote vinauma, na MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) ni hasi. Anapewa antibayotiki ya kubahatisha ya siku mbili tatu, homa inashuka, anaenda zake. Baada ya wiki moja amerudi vilevile. Kwenye vijiji vya Dodoma ambako watu bado wanalala ndani ya tembe (nyumba za udongo) zenye sakafu ya udongo, homa ya namna hiyo ikukumbushe mapema papasi, yaani kupe laini anayejificha kwenye nyufa za nyumba.

Anayeileta ni bakteria aitwaye Borrelia duttonii, anayeenezwa na papasi. MRDT hutafuta protini za vimelea vya malaria tu, kwa hiyo huyu haimgusi kabisa. Kinachomkamata ni tone nene la damu, rangi ya Giemsa na darubini, yaani vifaa vilevile vya BS (kipimo cha damu kwa slaidi) ya malaria. Tatizo ni kwamba tangu MRDT ije, darubini nyingi zimebaki kufunikwa.

1. Maswali kabla ya kutoboa kidole

Uliza analala chini au kitandani, nyumba ni ya udongo au ya saruji, na kama ndani ya wiki mbili tatu zilizopita alilala ugenini. Taja msiba kwa jina, maana watu wengi hawauhesabu kama safari, na matangani ndiko wanakolala chini usiku kucha. Uliza pia kama homa imewahi kuja, ikakata yenyewe, ikarudi.

Usitegemee jibu la "sijaumwa na kitu". Papasi hang'ang'anii mwilini kama kupe wa ng'ombe. Hutoka ufani usiku, hunyonya chini ya saa moja bila kuumiza, hurudi ufani.

Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 wasisubiri foleni. Ugonjwa huu hutoa mimba, na huua watoto wachanga.

2. Muda wa kuchukua damu

Chukua homa ikiwa juu, kabla ya antibayotiki yoyote. Homa ikishatulia, bakteria hupungua kwenye damu kiasi kwamba slaidi nzuri kabisa inaweza kuwa tupu. Aliyekuja siku ya nafuu mwandikie kwenye daftari lake: arudi saa ileile homa itakapopanda, hata kama ni usiku.

3. Tone nene

Futa kidole kwa spiriti na ukiache kikauke. Spiriti ikichanganyika na damu huiharibu. Toboa, futa tone la kwanza, kisha weka tone moja kwenye slaidi safi. Litandaze kwa kona ya slaidi nyingine hadi liwe duara la upana wa sentimita 1 hivi. Weka juu ya maandishi ya gazeti: ukiyasoma kwa shida kidogo, unene umekaa sawa. Likiwa zito zaidi litabanduka wakati wa kuosha.

Likaushe kivulini, slaidi ikiwa imelala, umeifunika dhidi ya vumbi na nzi. Hapa ndipo slaidi nyingi za kwetu zinapoharibika. Fundi wa maabara ana haraka, anaianika juani au karibu na jiko, na joto linaigandisha damu kwenye kioo. Damu iliyoganda hivyo haiachii wekundu wake wakati wa kupakwa rangi, na chini ya lenzi utaona utando mzito tu. Kwa sababu hiyohiyo, tone nene halipitishwi kwenye methanoli, kemikali ya kugandisha damu kwenye kioo. Methanoli ni ya tone jembamba.

4. Rangi

Changanya mililita 1 ya Giemsa na mililita 9 za maji ya bafa (maji yaliyotengenezwa ili pH yake isiyumbe) yenye pH 7.2. Kiasi hicho kinatosha slaidi tatu. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai, hutoa rangi ya kijivu isiyosomeka. Mchanganyiko utumike palepale, usiweke kiporo.

Mimina juu ya slaidi, subiri dakika 10. Wakati wa kuosha usiinamishe slaidi kwanza. Mimina maji safi taratibu pembeni ili ule utando unaong'aa juu ya rangi uelee na kumwagika nje. Ukiinamisha mapema, utando unashuka juu ya damu na kuacha chembe na michirizi, ambayo ndiyo hudhaniwa bakteria. Isimamishe ikauke.

5. Kusoma

Tumia lenzi ya 100 na mafuta. Anza na chembe nyeupe: viini vyake vikionekana vya zambarau iliyokolea, rangi imeshika. Kisha tafuta uzi mwembamba wa zambarau, uliojikunja mawimbi malegevu kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta, wenye urefu wa mikromita 10 hadi 20 au zaidi kidogo. Chembe nyekundu ina mikromita kama 7, kwa hiyo uzi huo ni mara moja na nusu hadi mara tatu ya upana wake.

Mkwaruzo wa kioo umenyooka na hauna rangi. Unyuzi wa pamba ni mnene, na hauko usawa mmoja na damu unapozungusha skrubu ya kufokasi. Pitia angalau fildi 200 (fildi ni eneo moja linaloonekana kwenye lenzi) kabla ya kuandika hasi, maana bakteria huyu mara nyingi huwa mchache. Ukiona vimelea vya malaria, endelea kusoma. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

6. Dawa, na saa nne za kwanza

Mtu mzima asiye mjamzito hupewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10. Mjamzito na mtoto mdogo hupewa erithromaisini, ya mtoto kwa uzito wake.

Dozi ya kwanza inywewe zahanatini. Bakteria wanapokufa kwa mkupuo mgonjwa anaweza kutetemeka vibaya, joto likapanda, kisha presha ikashuka. Abaki angalau saa 4, upime joto, mapigo na presha kila nusu saa, dripu ikiwa tayari. Mjamzito apewe rufaa mapema.

7. Nyumbani kwake

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii achote vumbi la sakafu kwenye kona na chini ya kitanda, alichekeche, kisha alimwage juu ya kitambaa cheupe juani. Asubiri dakika kadhaa, kwa sababu papasi akiguswa hujifanya amekufa. Mkubwa ni wa kijivu, ngozi kama ya mkoba uliochakaa, karibu sentimita 1. Wadogo ni kama ufuta.

Wakipatikana, wote wa nyumba hiyo wenye homa wapimwe. Nyufa za ukuta na sakafu zizibwe, kuku walale nje, kitanda kisogezwe mbali na ukuta na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kuhama nyumba kwa muda hakusaidii, kwani papasi hukaa miaka bila kula akimsubiri mtu arudi. Saruji ya sakafu ndiyo kinga ya kudumu, na kaya yenye mjamzito ianze na chumba anacholala.