Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupunguza Kwato za Ng'ombe wa Maziwa

Kabla ya kushika kisu, mtazame ng'ombe akiwa amesimama, kisha akitembea kwenye sakafu ngumu isiyoteleza. Mgongo unaonyooka anaposimama lakini ukapinda anapotembea ni dalili ya maumivu ya miguu, na huonekana kabla hajaanza kuchechemea waziwazi. Andika namba yake na mguu unaoutilia shaka, kwa sababu akishafungwa kwenye kibanio (fremu ya kumshikilia asisogee) hutaweza kuuona tena mwendo wake. Anayechechemea asisubiri zamu ya kundi zima.

Kwa ng'ombe wazima, wakati unaofaa ni wanapoachishwa kukamuliwa, takriban miezi 2 kabla ya kuzaa. Wiki za mwisho za mimba si za kumsumbua mnyama. Ukwato hukua takriban milimita 5 kwa mwezi, hivyo kusubiri mpaka ncha zipinde kwenda juu ni kuchelewa, maana uzito umekwisha kuhamia kisiginoni.

Kibanio kiwe imara, mkanda wa tumboni na kamba ya kuinulia mguu vikaguliwe, na mwanga utoshe kuona rangi ya wayo. Visu vinolewe mapema, kwani kisu butu humlazimisha mtu kutumia nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayokipeleka ndani kupita kiasi. Andaa pia ndoo ya dawa ya kuua vijidudu: vidonda vya kuambukiza vya ngozi ya nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, husambaa kwa vifaa vinavyotoka kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwingine bila kusafishwa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kujua mahali pa kuishia. Kwa ng'ombe mkubwa wa aina ya Holstein, ukuta wa mbele wa ukwato usipungue sentimita 7.5 kutoka manyoya yanapokomea hadi nchani, na wayo ubaki na unene wa angalau milimita 5. Bonyeza kwa kidole gumba kila baada ya kukata kidogo. Wayo ukibonyea, au rangi ya waridi ikianza kuonekana, acha hapo hapo. Katika miguu ya nyuma, anza na ukucha wa ndani (mojawapo ya sehemu mbili za ukwato), kisha ulinganishe nao ule wa nje, ambao kwa kawaida hukua zaidi na kubeba mzigo mkubwa.

Kuwe na kipande cha mbao na gundi yake, ili ukikuta kidonda upande mmoja uuinue ule ukucha wa pili usio na kidonda na kuuondolea uzito ule ulio mgonjwa. Mguu ukiwa umevimba juu ya ukwato, au kidonda kikiwa kirefu, mwite daktari wa mifugo kabla ya kuchimba. Mwisho, hakikisha mahali atakapopelekwa baada ya kazi ni pakavu, pamesafishwa, na pana matandiko ya kutosha ya kulalia.