Vita vya Tanga juu ya meza: namna ya kuandaa mchezo wa vita vya 1914 na marafiki

Wanaotaka kuanza mchezo huu huniuliza kwanza vijiaskari vinauzwa wapi Nairobi. Mimi huwauliza: mnataka kupigana vita gani, na kamanda wa vita hivyo alikuwa na shida gani? Mkishalijua jibu, hata vifuniko vya soda vinatosha kuwa askari. Msipolijua, mtakuwa na meza ya kupendeza pichani, na kabla ya saa kumi kila mtu atakuwa ameinamia simu yake.

Mwongozo huu ni wa watu sita, mchana mmoja wa Jumamosi, na vita vya Tanga vya Novemba 1914. Nimevichagua kwa sababu ni vya pwani yetu hii hii ya Afrika Mashariki, vilimalizika kwa siku chache, na waliokuwa wengi ndio walioshindwa. Mchezo ambao mwenye wengi anashinda tu hauna haja ya dadu.

Hatua ya 1: Elewa kilichotokea

Waingereza walileta kutoka India jeshi la watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken. Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 2 Novemba manowari HMS Fox ilitia nanga Tanga, na kapteni wake akawaarifu wakuu wa mji kwamba mapatano ya kutoushambulia yamevunjwa. Maana yake ni kwamba alibisha hodi kabla ya kuvamia. Muda ukapotea kwa kutafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwapo, na huku treni zikiteremsha askari kutoka Moshi.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 batalioni mbili, 13th Rajputs na 61st Pioneers, zilishuka Ras Kasone, mashariki ya mji. Asubuhi zikasonga mbele, zikatimuliwa. Aitken akangoja jeshi lote lishuke, akashambulia mchana wa tarehe 4 kupitia mashamba na vichaka ambavyo mtu haoni mwenzake hatua chache mbele. Vikosi vya Loyal North Lancashire na Kashmir Rifles viliingia mjini. Upande wa kushoto 101st Grenadiers wakavunjwa. Katikati ya risasi, nyuki waliotibuliwa mizingani waliwashambulia watu, hasa wa 98th Infantry, na hawakuwasaza Wajerumani pia: baadhi ya bombomu zao (bunduki za rashasha) zilinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Tarehe 5 Waingereza walipanda meli na kuondoka, wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800 waliouawa au kujeruhiwa, na wakaacha bunduki, bombomu na marundo ya risasi ufuoni.

Kwa hiyo shida ya kamanda ni hii: nishambulie sasa na wachache, au ningoje wengi huku adui naye akiongezeka? Sheria zote zilizo hapa chini zinatumikia swali hilo. Sheria isiyolihudumia nimeitupa.

Hatua ya 2: Meza

Nunua plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, umwombe mwenye hadwea aikate ibaki futi 6 kwa 4. Kipande cha futi 2 usikiache. Kitakuwa sakafu ya mji. Iweke juu ya meza ya kulia chakula na utandike kitambaa cha kijani kilichopauka, cha bei ya chini kabisa utakachopata Biashara Street. Upande mmoja mrefu weka ukanda wa buluu: bahari.

Nyasi na vichaka havinunuliwi. Mwendee fundi wa mbao aliye karibu nawe, au wale wa Gikomba, akupe mfuko wa vumbi la msumeno. Lichekeche, ulitie kwenye sufuria iliyostaafu pamoja na rangi ya ukutani ya kijani na maji kidogo, ukoroge mpaka lishike rangi lote, kisha ulianike juu ya gunia la nailoni. Likikauka lisugue viganjani lipate kuachana. Paka gundi nyeupe ya mbao juu ya vipande vya kadibodi visivyo na umbo maalumu, unyunyize vumbi lako, upachike matawi makavu. Tengeneza vingi kuliko unavyodhani vinahitajika. Tanga ya mchezo huu ni vichaka. Ukiiacha wazi, mwenye watu 8,000 atatembea hadi mjini bila jasho.

Minazi hutengenezwa kwa vijiti vya mishikaki na karatasi ya kijani iliyokatwakatwa pembezoni. Nyumba, zikiwemo stesheni ya reli na forodha, ni maboksi ya viatu. Kwa paa la mabati, chukua katoni ya kawaida, lowesha upande mmoja kwa kitambaa chenye maji, ngoja kidogo, kisha ubandue karatasi ya juu taratibu kwa ukucha. Mikunjo ya ndani itajitokeza. Ipake rangi ya kijivu, na juu yake upitishe brashi karibu kavu yenye rangi ya kutu. Hakuna paa la dukani linalolifikia hilo.

Reli ndiyo kitu muhimu zaidi mezani, kwa sababu ilipita katika bonde lililochimbwa na Wajerumani wakalifanya handaki. Iweke inchi 36 kutoka Ras Kasone, ikikata meza kwa upana, mji ukiwa nyuma yake. Kutoka ufuoni hadi relini pitisha barabara moja tu.

Hatua ya 3: Askari

Vijiaskari vya plastiki na vya madini ya risasi vya kuagizwa ng'ambo vinavutia, lakini ukijumlisha usafirishaji na ushuru, jeshi la Aitken litakula kodi ya nyumba. Mimi hutumia karatasi. Chora askari wa urefu wa sentimita 2.5, mbele na nyuma, upeleke saiba wachapishe kwenye karatasi nzito, ukate, ukunje, ubandike watano watano juu ya kibao cha kadibodi. Chini ya kila kibao gundisha washa ya chuma kutoka Kirinyaga Road, ili upepo wa feni au chafya ya mtu isiifagilie mbali batalioni nzima.

Unahitaji vibao 24 vya Waingereza (batalioni 6 za vibao 4), vibao 8 vya Wajerumani na bombomu 2. Wote ni kaki, kwa hiyo tofauti iko kichwani: kofia za jua kwa Lancashire, vilemba kwa Wahindi wengi, na kwa askari wa Wajerumani kofia ya kaki yenye kitambaa cha kukinga shingo. Ukitaka kujua jinsi askari wa Kiafrika wa enzi ile alivyosimama na bunduki yake, nenda Kenyatta Avenue ukaitazame sanamu ya 1928. Askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, aliyeko pale alipigania upande wa pili, lakini namna ya kubeba silaha na kufunga miguu inakupa pa kuanzia. Mtazame na mpagazi aliye karibu naye, nitamrudia.

Hatua ya 4: Gawa kazi

Wawili Wajerumani, watatu Waingereza, mmoja refa. Refa asiwe yule anayejua sheria zaidi, bali yule ambaye watu hawabishani naye. Kwangu ni shemeji yangu, ambaye hajali nani anashinda.

Mmoja wa Waingereza ni Aitken, na Aitken haruhusiwi kuiona meza. Yumo melini. Mkalishe chumbani au kwenye baraza, umpe mchoro wa Tanga wenye makosa kiasi, kalamu na karatasi. Makamanda wake wawili walioko mezani humwandikia sentensi mbili kila zamu, refa anapeleka na kurudisha majibu. Wazo la refa na makamanda wasioona kila kitu si langu. Maofisa wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, walicheza hivyo tangu mfumo wa Georg von Reisswitz wa 1824. Aitken akichoka kuandika anaweza kushuka ufuoni, ila zamu anayoshuka hakuna barua inayotoka wala kuingia. Cheo hiki mpe mwenye maneno mengi. Utashangaa jinsi barua zinavyogeuka: "Tuko karibu na mji" ya mwandishi mmoja ni inchi 6, ya mwingine ni inchi 20.

Na kuhusu wanaochelewa. Nairobi hakuna mchezo wa saa saba unaoanza saa saba. Kuna jam Thika Road, kuna mvua, kuna "niko karibu kufika". Basi kamanda wa pili wa Wajerumani awe yule unayejua atachelewa. Yeye ndiye treni ya Moshi. Akifika, askari wake wamefika.

Hatua ya 5: Sheria

Mchezo una zamu 12. Kila zamu Waingereza wanateremsha vibao 4 Ras Kasone, na kuanzia zamu ya pili treni inaleta kibao 1 cha Wajerumani stesheni. Bombomu zinakuja na kibao cha kwanza na cha tatu.

Wajerumani hawaweki vibao mezani. Wanaweka vifuniko vya soda vilivyoandikwa namba upande wa ndani. Wanaanza na sita: viwili vina askari kweli, vinne ni vitupu. Kifuniko kinafunuliwa kikifyatua risasi au adui akifika inchi 6 karibu nacho. Waingereza wanaweza kusimama zamu tatu nzima mbele ya kifuniko kitupu wakingoja kuagizwa, na hapo ndipo utajua mchezo umekolea.

Nani aanze? Chukua karata nne, moja ya kila kamanda aliye mezani, uzichanganye, ufunue moja moja. Mwendo ni inchi 8 barabarani, 4 kichakani. Piga hesabu: anayengoja hadi zamu ya 6 ili vibao vyote 24 viwe nchi kavu hana tena muda wa kupita kichakani, itabidi avisukume vyote kwenye barabara moja. Anayeondoka mapema anapita anapotaka, lakini na wachache.

Kufyatua: kibao kinarusha dadu 2, bombomu 4. Umbali ni inchi 12 mahali pa wazi, 6 kichakani. Namba 5 na 6 zimepiga. Adui akiwa ndani ya bonde la reli au nyumba, ni 6 pekee. Bombomu ikitoa namba 1 kwenye dadu mbili kwa mpigo mmoja, imekwama hadi zamu ijayo. Kibao kikipigwa mara tatu kinaondoka mezani.

Kombania nyingi za Wajerumani zilibeba bunduki za mtindo wa 1871 zilizotumia baruti ya kutoa moshi. Kila kibao cha Kijerumani kikifyatua, weka pamba mbele yake. Hadi mwisho wa zamu, wanaokipiga wanahesabu 5 na 6 hata kama kimo handakini. Mjerumani mzuri hujifunza kunyamaza.

Moyo: kibao kikipigwa kinarusha dadu moja. Lancashire, Kashmir na askari wa Wajerumani wanahitaji 3 kwenda juu, wengine 5. Kikishindwa, kinarudi nyuma inchi 6. Wengine huona sheria hii inawaonea wale wa 5. Wengi wao walikuwa wametoka tu kwenye safari ndefu ya bahari na mafunzo yao yalikuwa na mapengo. Ukiwapa moyo sawa na wengine, unacheza vita vingine.

Hatua ya 6: Nyuki na tarumbeta

Refa anachagua kwa siri miti mitatu yenye mizinga ya nyuki. Yeyote anayefyatua ndani ya inchi 6 za mti huo na kupata namba 1 kwenye dadu mbili, amewaamsha. Vibao vyote vilivyo ndani ya inchi 6 za mti, rafiki kwa adui, vinarudi nyuma inchi 8 na havifyatui zamu hiyo.

Tarumbeta ni ya zamu ya 10. Jioni ya tarehe 4 kombania za Wajerumani ziliondoka mjini kwa kutoelewa mlio wa tarumbeta, na Waingereza hawakugundua. Refa anarusha dadu. Ikitoka 1, Wajerumani wote walioko mjini wanarudi nyuma ya stesheni. Refa haruhusiwi kumwambia Aitken. Makamanda wamwandikie wenyewe, kama wameona.

Waingereza wanashinda wakishika stesheni na forodha mwisho wa zamu ya 12. Wakishika moja na bado wana vibao 16, ni sare. Maiti hazihesabiwi. Nikiona watu wanaanza kuhesabu nani ameua wengi, najua zamu mbili zijazo zitachezwa kipumbavu.

Mambo madogo

Hakuna chai mezani. Vinywaji viwe kwenye stuli pembeni, karatasi haiogelei. Ubishi ukizidi dakika moja, refa anarusha dadu na mambo yanaendelea. Weka taa ya sola iliyojaa, maana stima ikipotea zamu ya 9 hakuna atakayekubali kuahirisha. Baada ya mchezo mpeni Aitken nafasi ya kuiona meza, na msomeeni barua zake mwenyewe kwa sauti.

Hifadhi vibao kwenye boksi la viatu lenye kipande cha sumaku ya friji chini. Zile washa zitavishika. Meza hiyo hiyo, ukiondoa bahari na kuweka kilima kimoja, inakuwa Salaita karibu na Taveta, ambako Waafrika Kusini walirudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916. Hapo ndipo mpagazi wa Kenyatta Avenue anapohitaji kibao chake, kwa sababu kuanzia mwaka huo hakuna kikosi kinachosonga bila mtu wa kukibebea chakula na risasi. Mchoreni sasa, mkiwa bado saiba.