Tuchore doti ya kanga na darasa zima

Walimu wenzangu mnaosomesha darasa la tatu na la nne, nataka niwape kazi moja ya sanaa ambayo mimi imenitoa mashakani. Zamani nilikuwa natandika manila kubwa chini nawaambia watoto haya chorani bahari, na kila mara inakuwa ile ile, watatu wanaojua kuchora wanashika brashi waliobaki wanatazama. Siku moja nikamuona mtoto kachuchumaa pembeni kashika kopo la maji ya kuoshea brashi, kipindi kizima, mpaka kengele inapigwa hajagusa rangi. Niliumia sana.

Sasa nachoresha kanga. Kila mtoto hapa kwetu anaijua, ina pindo, ina mji, ina jina (ule msemo wake), halafu inauzwa doti, yani vipande viwili na lazima vifanane. Hapo kwenye kufanana ndo penye kazi yenyewe.

Tafuta kitambaa cha pamba cha marekani, cheupe, mita 3 na robo, au mashuka meupe ya zamani, ukate vipande viwili vya sm 160 kwa 120. Kanga ya dukani ni ndogo kidogo, kama 150 kwa 110, lakini vipimo hivi vinagawika vizuri. Piga mistari ya penseli kila sm 20, utapata vyumba 48, na ukihesabu vile vya ukingoni ni 24, vya ndani 24. Vya ukingoni ndo pindo, vya ndani mji, na katika mstari wa chini wa mji acha vyumba vinne vya katikati kwa ajili ya jina. Darasa la watoto 48 unaligawa mara mbili, kila kanga watoto 24, kila mtoto chumba chake cha pindo, hakuna wa kushika kopo. Wakizidi, wawili wawili chumba kimoja.

Brashi sizipendi kwa kazi hii, nagongesha mihuri. Bamia ukiikata kwa upana inatoa ua, kikonyo cha jani la mpapai kinatoa duara, mbatata unaikata nusu unachonga umbo la korosho (kisu ashike mwalimu). Rangi ya maji ya ukutani inatosha, usiizimue sana itasambaa. Weka kipande cha sponji ya godoro kwenye sahani, mimina rangi juu yake, mtoto anabonyeza bamia kwenye sponji kisha kwenye kitambaa, basi haidondoki hata tone. Manjano ya kuchemsha nayo inatoa rangi nzuri sana ila jua linaipausha haraka.

Kabla ya rangi lakini, makundi mawili yakae yakubaliane, pindo muhuri gani, mji rangi gani. Wakianza kazi kila kundi litume wajumbe wawili wakatazame kwa wenzao, warudi waseme jamani wenzetu korosho zao zinatazama juu sisi zetu zimelala. Usiwasaidie hapa, waache wabishane. Mimi hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, watoto ambao darasani hawafungui mdomo wanasimama kutetea korosho.

Jina watunge wenyewe, msemo mmoja wa darasa zima, wapige kura. Langu lilitoka USINISUKUME FOLENI NI MOJA, na nikaliacha kama lilivyo. Ukipenda waandike kwa herufi za Kiarabu kama kanga za zamani, watoto wetu wengi wanazijua kutoka chuo cha Kurani.

Mambo madogo: tandika maboksi chini ya kitambaa mana rangi inapenya mpaka sakafuni. Anzeni mji kwanza pindo mwisho, ukianza pindo watapiga magoti juu ya rangi mbichi kuufikia mji. Vipindi vitatu vinatosha, kimoja cha kukubaliana na viwili vya kugonga.

Na kila mtoto aandike jina lake kwa penseli nyuma ya chumba chake kabla hujatandika. Siku ya wazazi tunazitundika kwenye kamba ukumbini, zote mbili pamoja, na mama akifika anaigeuza kanga anatafuta chumba cha mwanawe.