Kupanga chati za karatasi kabla wingu halijakumeza

Ndani ya wingu mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye redio. Wa tatu wa kupekua karatasi hatukuumbwa nao. Ndiyo maana karibu kazi yote ya chati, yaani ramani za rubani za kumwongoza safarini, hufanyika ndege ikiwa bado imeegeshwa.

1. Tazama tarehe. Chati hupitiwa upya kila baada ya siku 28. Hakikisha za kwako ni za mzunguko unaotumika leo. Za zamani zitoe kabisa kwenye begi.

2. Chomoa unazohitaji, jalada liache. Mpangilio wangu ni huu: ramani ya uwanja, chati ya kuondokea, ya njia, ya kuingilia, ya kutulia (yaani ya kutua uwanjani), mwisho uwanja wa akiba, wa kukimbilia ukishindwa kutua ulikokusudia. Kisha kuna moja ambayo wanafunzi wangu wengi huisahau: chati ya kutulia ya uwanja uleule unaoondoka. Iweke chini tu ya ile ya kuondokea. Injini ikianza kukohoa dakika mbili baada ya kupaa, utarudi ulikotoka, na mawingu ya chini yatakuwa bado yapo.

3. Kunja chati ya njia mezani. Ikikunjuliwa yote hewani inaziba vyombo. Ikunje kama feni, sehemu ya safari yako ibaki juu, na kipande kinachofuata kigeuzwe kwa kidole gumba tu. Njia ichore kwa penseli nyeusi. Wino mwekundu hupotea kabisa chini ya taa nyekundu ya usiku.

4. Chagua mahali pa kuiweka. Wengi hupenda kibao cha kufunga pajani. Mimi napendelea klipu ya usukani, kwa sababu chati inakaa karibu na vyombo na shingo haiinami. Ukiinamisha kichwa huku ndege inapinda, majimaji ya sikio la ndani huvurugika, na mwili unakuapia kwamba ndege inabiringika.

Niliwahi kuangusha karatasi karibu na pedali nikiwa ndani ya wingu, nikainama kuiokota. Nilipoinuka, bawa la kushoto lilikuwa limelala na kimo kinashuka, nami nilihisi nimenyooka kabisa. Siku hizi karatasi ikianguka ni mali ya sakafu mpaka tutue. Nakala ya pili ya chati ya kutulia huwa naiweka chini ya paja.

Kabla ya kuwasha injini, vuta usukani mpaka mwisho na uuzungushe pande zote mbili. Klipu isigonge goti wala paneli. Klipu yenye sumaku iweke mbali na dira. Kwenye klipu iwe karatasi moja tu. Iliyokwisha kazi inakwenda nyuma ya fungu, kifudifudi.

5. Soma chati ya kutulia kabla ya kuanza kushuka. Ndege ikiwa imetulia kwenye kimo kimoja, soma kwa sauti hata ukiwa peke yako: jina la uwanja na njia ya kurukia, masafa ya redio ya kifaa cha kuongozea, uelekeo wa mwisho, kimo cha uamuzi (pale unapoamua kutua au kupaa tena), na hatua ya kwanza ukilazimika kupaa tena. Hiyo ya mwisho ikariri, maana wakati wa kuihitaji hutakuwa na nafasi ya kusoma. Namba tatu ziandike kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi: masafa, uelekeo, kimo. Herufi za chati ni ndogo, na ndege ikitikisika huwa ndogo zaidi.

Mwongozaji wa ndege akikubadilishia njia ya kurukia dakika za mwisho na chati yake hujaichomoa, omba kuzungushwa angani kwanza.

Wenye tableti mtacheka. Bebeni karatasi hata hivyo: jua la kiooni huichemsha tableti mpaka inajizima.

6. Baada ya kugusa ardhi, usiguse karatasi yoyote mpaka utoke kwenye njia ya kurukia na kusimama. Hapo ndipo ramani ya uwanja inaporudi juu.